Bi Fundi na Vidonge vya Jumatatu

Usiku aliofariki mama mkwe wangu, nyumbani hatukulala. Wodi aliyolazwa hairuhusu zaidi ya mtu mmoja kando ya kitanda, na aliyekuwa zamu ni wifi yangu mkubwa. Sisi wengine tulibaki sebuleni tukiikodolea macho simu ya mume wangu, iliyokuwa ikichajiwa juu ya kabati la vyombo. Kila ilipowaka tulisimama sote. Mara ya kwanza ilikuwa kampuni ya simu inatangaza vifurushi. Mara ya pili alikuwa mtu aliyekosea namba, anamtafuta fundi wa majokofu, na mume wangu, sijui kwa nini, akamweleza kwa upole na kirefu kwamba fundi huyo hayupo. Ya tatu ndiyo ilikuwa yenyewe. Wifi alilia tu, tukaelewa. Binti yangu, kitindamimba wangu, aliyekuwa amekaa sakafuni, akainuka, akaingia chumba cha cherehani cha bibi yake, akafunga kwa komeo. Mpaka naandika haya hajatoka, na sijui kama atakuja kumzika bibi yake.

Naandika mimi kwa sababu familia imesema ndimi niliyeishi na marehemu nyumba moja muda mrefu kuliko wote. Shule yangu ni ndogo. Nimefuata utaratibu kama nilivyouona kwenye ratiba za mazishi mengine: kuzaliwa, masomo, kazi, ndoa, ugonjwa, kifo. Hapo pa ugonjwa pamenichanganya. Mtanivumilia nikipazunguka, kwa sababu hata sasa sijapaelewa sawasawa.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya saba wa baba mwashi na mama mkulima. Hiyo ndiyo tarehe iliyomo kwenye kitambulisho chake. Yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba tarehe 2 Machi ndiyo siku aliyokwenda kuomba kitambulisho, na karani, alipochoka kungoja jibu, akamzaa siku hiyohiyo. Dada yake aliye hai anasema alizaliwa wakati wa kuvuna. Dada mwingine, ambaye ametangulia, alikuwa akisema ni wakati wa kupanda. Tumeandika Machi.

Alisoma hadi darasa la nne, akatolewa mwaka 1962 ili awalee wadogo zake. Alijua kusoma, na hesabu za vipimo alizifanya kichwani huku anazungumza mambo mengine. Miaka ya karibuni herufi ndogo zilimshinda, lakini miwani aliikataa. Alisema ikiwa puani anaonekana mkaguzi wa shule, na wateja wataanza kuficha madaftari. Mwaka 1966 alipelekwa kwa shangazi yake mjini, aliyekuwa na cherehani mbili, na huko ndiko alikosomea kazi iliyomlisha hadi uzeeni.

Kwa miaka thelathini na zaidi marehemu alishona kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi. Alishona sare za shule. Watu wengi mliopo hapa mmevaa mkono wake, na wengi mlimwita Bi Fundi bila kujua jina lake la kuzaliwa. Watoto aliwatambua kwa mabega. Mtoto akipita barabarani alimwita mama yake, akamwambia, "Huyu bega lake la kushoto limeanza kushuka, begi ahamishie kulia," na kumbe kweli. Nyuma ya kiti chake aliweka makopo ya vifungo. Hakuna nguo iliyotupwa mtaani kwetu bila kwanza kupita kwake ivuliwe vifungo kwa mkasi mdogo wa nyuzi. Siku moja mwalimu mkuu alikuja anakimbia, mgeni rasmi amekwishafika shuleni, na koti limekatika kifungo cha katikati. Marehemu hakuinua hata kichwa. Alitia mkono koponi, akatoa kifungo, akakishona mwalimu akiwa ndani ya koti.

"Lakini Bi Fundi, hiki si chake," mwalimu akasema.

"Ni chake kuanzia leo. Kifungo hakina ukoo, mwalimu. Kina rangi na matundu. Vikifanana hivyo viwili, ni ndugu."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya makopo yake. Rangi moja, ukubwa mmoja, kopo moja. Nyumba nzima tuliifuata. Hata maharagwe akiyachagua aliyapanga hivyo.

Tarehe 17 Juni 1972 aliolewa na fundi saa aliyekuwa na meza upande wa pili wa barabara. Marehemu alikuwa akitusimulia kwamba fundi huyo alileta suruali moja ileile mara nyingi, mfuko uleule umechanika. Mwisho akamuuliza, "Kaka, huu mfuko unachanika wenyewe au unausaidia?" Akajibu, "Nausaidia." Walijaliwa watoto wanne. Mmoja hakufika mwaka. Mumewe alifariki tarehe 8 Septemba 2009, na tangu hapo marehemu alihamia kwetu pamoja na cherehani yake, makopo yake, na saa ya ukutani ambayo marehemu baba hakuwahi kupata nafasi ya kuitengeneza.

Kwetu alimkuta mjukuu wake, huyu kitindamimba wangu, bado mdogo. Wakaanza utani wa bibi na mjukuu siku ileile. Alimwita mke mwenzangu. Mtoto akikataa kuoga: "Mwacheni, anataka nionekane mimi ndiye mchafu." Binti alipokua akawa msusi, akaajiriwa saluni ya karibu, lakini asubuhi kabla ya kazi na jioni akirudi, bibi yake alikuwa mikononi mwake. Alimuogesha, alimsuka, alimpa dawa. Mimi nafua nguo kwenye nyumba ya wageni, natoka mapema. Mume wangu ni fundi bomba, simu yake haina saa. Hakuna aliyemteua binti kwa kazi hiyo. Aliianza tu, kama mtu anavyoanza kufunga madirisha jioni, kisha ikawa yake. Utani haukukoma. Akija na glasi ya maji, bibi anauliza, "Mke mwenza, leo umeniletea sumu gani?" Naye anajibu, "Meza tu bibi, mume abaki wangu." Wanacheka mpaka bibi anakohoa.

Nimeandika utani huo hapa makusudi. Mtaona kwa nini.

Ugonjwa wa viungo ulimwanza marehemu mwaka 2019, vidoleni. Asubuhi mikono iliamka imevimba na kukakamaa, akawa anailowesha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kabla ya kuweza kushika kikombe. Tulikwenda naye kliniki. Walimpa dawa ambayo kwangu ilikuwa ngeni kabisa: vidonge vinne Jumatatu, basi, mpaka Jumatatu nyingine. Siku zilizobaki, kidonge kimoja cha kuongeza damu. Dawa zote nilizokuwa nazijua ni asubuhi, mchana na jioni. Hii ilikuwa kama mgeni wa siku ya soko. Daktari alieleza kwamba hii ya Jumatatu ni kali, inatuliza viungo, lakini ikizidi inageuka na kuila damu na kinywa, ndiyo maana ina siku yake. Marehemu akamuuliza, "Sasa daktari, mtu mkali hivyo unamkaribishaje nyumbani?" Daktari akacheka, akasema, "Kwa kumheshimu, bibi."

Na dawa ilimfaa, hilo lazima niliandike. Alirudi kushona, si sare tena, bali pindo na vifungo vya majirani. Shida ilikuwa kuvitoa vidonge. Vilikuja kwenye zile karatasi za bati za kubonyeza, na vidole vyake havikuwa na nguvu ya kubonyeza. Hakutaka kumngojea mtu. Kwa hiyo kila alipoletewa dawa alizikata zote kwa mkupuo kwa mkasi wa nyuzi, akazitia kwenye makopo mawili ya vifungo: kopo la Jumatatu na kopo la siku zote. Vya Jumatatu vilikuwa vidogo, vya njano. Vya damu vilikuwa vikubwa, vyekundu. Kwa miaka minne hata mtu mwenye usingizi asingeweza kuvikosea.

Mwezi wa nne mwaka huu, vile vyekundu havikuwapo kwenye duka la dawa la kliniki. Walitoa vya kampuni nyingine, wakaandika matumizi kwenye pakiti, kama wanavyoandika siku zote. Mume wangu alipita kuchukua dawa akitoka kazini, akatundika mfuko kwenye msumari wa jikoni, akaitwa kwenye bomba lililopasuka, akaondoka. Binti hakuwapo. Alikuwa amekwenda kufanya mtihani wake wa ususi. Mchana ule marehemu akakaa kwenye kigoda chake akakata karatasi zote kama kawaida yake. Vyote vilikuwa vidogo. Vyote vilikuwa vya njano. Jioni nilifagia vipande vya bati chini ya kigoda, pamoja na nyuzi, kama nilivyofagia mara zote.

Siku binti aliporudi nilikuwa uani naanika mashuka. Dirisha la chumba cha cherehani lilikuwa wazi, nikawasikia.

"Bibi, lile kopo jingine liko wapi?"

"Nimelitilia zipu. Dawa zimekuwa moja sasa. Wamenirahisishia."

"Nani kasema?"

"Macho yangu. Unaona tofauti wewe?"

Nikasikia kopo likitikiswa, nadhani anavitazama. "Sioni. Lakini bibi, nikawaulize?"

"Kawaulize nini, foleni ya kutwa? Wamezifananisha ili wazee tusihangaike. Jumatatu vinne, siku nyingine kimoja, kama zamani. Lete maji, mke mwenza, usitafute visingizio vya kuniua kwa kiu."

Basi. Nilitundika shuka la mwisho nikaingia ndani. Nilichosikia ni mtoto anauliza na mkubwa anajibu, na katika nyumba yetu mkubwa akishajibu, limejibiwa.

Wiki zilizofuata marehemu alianza kusema chai inamuunguza hata ikiwa imepoa. Tulidhani ni jino. Kisha midomo ikatoka vidonda. Siku moja nilimwona na alama nyeusi mkononi, kubwa kama kiganja, nikamuuliza amejigonga wapi. Binti akadakia, "Nani amekupiga, bibi?" Akajibu, "Si mumeo huyo." Tukacheka. Nilicheka na mimi. Ijumaa tarehe 10 Mei aliamka na homa, hawezi kusimama, tukampeleka hospitali.

Pale mapokezi daktari kijana aliuliza, "Anatumia dawa gani?"

"Ya viungo," tukasema.

"Mara ngapi?"

Tukajibu watu watatu kwa pamoja. Wifi mkubwa akasema, "Kila siku." Mume wangu akasema, "Akiumwa." Binti akasema, "Jumatatu." Daktari akaweka kalamu chini, akatutazama mmoja mmoja. "Ndugu zangu, huyu ni mgonjwa mmoja au watatu?"

Wifi alikuwa na hakika kwa sababu kila akija kutembea asubuhi aliona mama yake anameza cha njano. Mume wangu alikuwa na hakika kwa sababu alimsikia mama akisema, "Leo viungo vinaniuma, leteni dawa." Binti alikuwa na hakika kwa sababu ndiye aliyetoa. Kila mtu alisema alichokiona. Mimi katikati ya kusikiliza nilishasahau ninachokijua.

Kesho yake alasiri alikuja nyumbani muuguzi anayezungukia wagonjwa wa mtaa wetu, akaomba kuona dawa. Nikamletea kopo. Alitandika kitambaa cheupe kwenye meza ya cherehani, akavimwaga. Akakichukua kimoja hadi dirishani. Akakirudisha. Akachukua kingine. Akavipiga picha kwa simu, akaikuza, akaigeuza simu huku na huku.

"Mama," akaniambia, "hata mimi nimechanganyikiwa. Hiki kina herufi. Hiki kina mstari. Hivi vingine vimesuguana humo koponi, havina chochote." Akamgeukia binti, si kwa ukali. "Ulikuwa unampa kipi, mdogo wangu?"

"Cha njano," binti akasema. Kisha akaviona vile vidonge vilivyotandazwa, vyote vya njano, na nikauona uso wake ukibadilika. Ningekuwa na uwezo ningekivuta kile kitambaa.

Muuguzi alikaa kwenye kigoda cha marehemu bila kukaribishwa, akashika kichwa. Alisema huko majumbani anakopita ameona dawa kwenye mikebe ya chai, kwenye soksi, kwenye biblia, na kila mwenye nyumba ana sababu nzuri. Akavikusanya vyote, akaondoka navyo. Nami nilipekua chumba kile kona kwa kona, chini ya cherehani na ndani ya droo, nikahakikisha hakuna kidonge hata kimoja kilichobaki. Mama anajua kwa nini anapekua.

Nilimuuliza daktari wa wodi kitu nisichokielewa. "Daktari, mtu anameza dawa ya kuongeza damu kila siku. Damu yake inaishaje?"

"Kwa sababu siku nyingine hakumeza hiyo, mama. Alimeza ile kali."

"Siku zipi?"

"Hakuna anayejua. Vilichanganyika."

"Kwa hiyo ndiyo iliyomfikisha hapa?"

Akasema huenda. Akasema pia figo za mtu wa umri ule huchoka, na zikichoka hata dozi sahihi hukaa mwilini kuliko inavyotakiwa. Akasema huenda homa nyingine ilitangulia. Akasema mambo haya yameshikana na yeye hawezi kuyafumua yote. Walimpa dawa ya kuizima ile kali, walimwongezea damu, walifanya kila waliloweza, na tunawashukuru. Mama mkwe wangu alifariki alfajiri ya Jumapili tarehe 19 Mei 2024, wifi akiwa amemshika mkono.

Sasa nifike mahali penyewe. Baada ya watu kujaa nyumbani, wifi mkubwa, kwa uchungu wake, alisema mbele ya wanawake sebuleni, "Nilisikia kwa masikio yangu haya. Mama anauliza, 'Umeniletea sumu gani?' Na mtoto anamjibu, 'Meza, mume abaki wangu.'"

Mume wangu akasema, "Dada, huo ni utani. Hata wewe bibi yetu alikuwa anakutania hivyohivyo."

"Utani haujazi jeneza."

Ukuta wa chumba cha cherehani ni wa mbao. Aliyekuwa ndani alisikia kila neno. Tangu hapo chakula ninachoweka mlangoni nakikuta kilekile, maji tu ndiyo yanapungua. Nikigonga anasema, "Nipo, mama," ili nisivunje mlango. Nikimwambia tutaondoka saa ngapi kwenda makaburini, hajibu.

Wifi aliniambia kwenye wasifu niandike "baada ya kuugua kwa muda mfupi", yatosha. Niliandika. Kisha nikafikiri: nikiiacha hivyo, watu watarudi makwao na lile la sebuleni, kwa sababu ndilo lenye utamu wa kusimulia. Nikafuta. Nimejaribu kutafuta mahali pa kuweka kidole. Nikikiweka kwenye duka la dawa, walitoa kilichokuwapo na waliandika. Nikikiweka kwa mume wangu, alibeba alichopewa. Marehemu alipanga kama alivyopanga maisha yake yote. Binti alitoa kama alivyoambiwa, na kabla ya kutoa aliuliza. Kila nikikiweka kidole, chini yake namkuta mtu aliyekuwa anasaidia. Labda wenye elimu mtaona nisichokiona. Mimi nimebaki na hili tu, na nawaomba kila mwenye mgonjwa nyumbani alichukue: dawa kali ikae kwenye pakiti yake, hata kama pakiti inaumiza vidole, na ikibadilika sura, mtu akaulize hata kama foleni ni ya kutwa.

Jana nilimsomea wifi haya yote tukiwa wawili jikoni. Nilitegemea ugomvi. Alisikiliza, akasema, "Soma tena pale pa uani." Nikasoma. Akafuta macho kwa ncha ya kanga yake. "Mimi ndiye niliyemwambia daktari kila siku," akasema. "Nilimwona anameza kila siku, wifi, na sikuuliza ni nini. Mimi sikuuliza." Akainuka, akaenda kwenye ule mlango wa mbao, akagonga. "Mwanangu, ni shangazi yako. Nilichosema juzi sebuleni nakifuta, na nitakifuta mbele ya walewale." Akakaa pale chini muda mrefu, mtu mzima, miguu ameinyoosha, kisha akaniambia, "Usomwe wote. Usipunguze."

Marehemu ameacha watoto watatu: binti mmoja, mkubwa wao, ambaye ni wifi yangu, na wana wawili, ambao ni mume wangu na shemeji yangu dereva wa malori, aliyefika jana usiku. Ameacha dada mmoja, wakwe watatu, na wajukuu wanane. Mmoja wa wajukuu hao ndiye aliyemuogesha, aliyemsuka, na aliyemchekesha siku zake za mwisho. Naomba anapotajwa kwenye ukoo huu atajwe kwa hayo.

Mama, umeshona vya kutosha. Lala, na mikono isikuume tena.

Nilidhani nimemaliza hapo, lakini naongeza kabla karatasi hazijakwenda kuchapwa. Asubuhi hii nilikaa chini, mgongo kwenye ule mlango, nikasoma wasifu wote kwa sauti, kwa sababu sikutaka binti yangu aje kuusikia kwa mara ya kwanza mbele za watu, au asiusikie kabisa. Nilipomaliza nikamsikia karibu sana, kama naye amekaa chini upande wa pili.

"Mama. Umeandika kwamba niliuliza?"

"Nimeandika. Nilikuwa uani, nilikusikia."

"Shangazi amelisikia hilo?"

"Amelisikia mara mbili. Aliomba nirudie."

Halafu komeo likavutwa, mlango ukanisukuma mgongoni, ikabidi nisogee. Alikuwa amevaa gauni jeusi alilolishona bibi yake, macho yamevimba. Akanyoosha mkono.

"Nipe. Wewe utalia ukifika pa kuzaliwa. Nitasoma mimi."

Nimempa. Kama sauti mnayoisikia sasa ni ya msichana, basi ndiye. Na kama ni yangu, jueni amerudi ndani, na mumwache kwanza.